Ardhi ya Kuwindia Nguruwe Mwitu Texas kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Anayeanza kuwinda nguruwe mwitu katika jimbo la Texas, Marekani, huambiwa mapema kwamba wanyama hao wamepita milioni 2, kwamba hufukua mashamba usiku kucha na kwamba wakulima wamewachoka; kisha akiuliza pa kuwindia, hutajiwa ada ya mamia ya dola. Yote mawili ni kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na wenye ranchi wengi wamekwisha kuona kwamba mwindaji kutoka mjini yuko tayari kulipa ili ampige mnyama ambaye wao wenyewe wanataka aondoke. Kwa mwenye kipato kidogo, kazi kubwa ni kupata ruhusa ya kuingia, na ninaamini kwamba ruhusa hiyo hupatikana zaidi kwa kazi na uaminifu kuliko kwa fedha.

Sheria yenyewe imelegezwa sana. Tangu Septemba 1, 2019, anayewinda nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi halazimiki kuwa na leseni ya uwindaji, awe mkazi wa jimbo au mgeni. Hakuna msimu wala kikomo cha idadi, na kuwinda usiku kunaruhusiwa. Kwenye ardhi ya umma mambo ni tofauti: leseni inahitajika, na juu yake kibali cha mwaka cha uwindaji wa umma kinachotolewa na idara ya jimbo ya hifadhi na wanyamapori kwa dola 48, ambacho hufungua karibu ekari milioni 1, ukiwemo msitu wa taifa wa Sam Houston. Ninamshauri kila anayeanza akinunue, kwa sababu humpa mahali pa kujifunzia huku akitafuta ruhusa kwingine. Ajue tu kwamba huko hawezi kuweka chambo wala kuwinda usiku, na kwamba nguruwe waliokimbizwa na watu tangu vuli hujificha kwenye vichaka vizito. Aende baada ya msimu wa kulungu kwisha mwezi Januari, katikati ya wiki, na atembee mbali na maegesho kuelekea mabonde ya vijito, mahali penye matope na nyayo mpya.

Kwa upande wa ardhi binafsi, wengi hukosea wanapoanza na ranchi kubwa, ilhali hizo ndizo zenye mikataba na kampuni za uwindaji au wapangaji wanaokodi ardhi kwa msimu wa kuwinda kulungu. Mimi huelekea kwa mwenye ekari 40 au 100 zilizo kando ya kijito, anayelima mahindi, karanga au majani ya malisho, kwa kuwa eneo lake ni dogo mno kuwavutia wafanyabiashara na hasara yake ni kubwa mno kumwacha alale. Afisa ugani wa kaunti, anayefanya kazi chini ya huduma ya ugani ya chuo kikuu cha Texas A&M, huwa anajua ni upande gani wa kaunti wakulima wanalalamika zaidi; muuzaji wa vyakula vya mifugo hujua pia. Baada ya hapo, kumbukumbu za ofisi ya tathmini ya kodi ya ardhi ya kaunti ziko wazi kwa umma na zinaonyesha kila kipande ni cha nani, jambo linalokuepusha na aibu ya kumwomba ruhusa mtu asiye na mamlaka ya kuitoa.

Wakati wa kuomba una uzito kuliko maneno utakayochagua. Kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari mwenye ardhi hataki mgeni atakayewatisha kulungu wa wapangaji wake. Majira ya kupanda mahindi, kuanzia Februari, ni mengine kabisa: nguruwe hufuata mstari na kula mbegu moja baada ya nyingine, na mkulima aliyeamka kukuta mistari mizima imefukuliwa ana sababu ya kukusikiliza. Nenda mchana, bila bunduki mkononi na bila nguo za kuwindia, jitambulishe kwa jina lako, umwachie karatasi yenye namba yako ya simu na ya gari. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, omba idhini ya maandishi, umuulize mipaka iko wapi, ng'ombe wako wapi na jirani gani hapendi milio ya risasi. Alama za rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo za uzio, kwa sheria ya Texas, ni katazo la kuingia, hata kama hakuna bango.

Baadhi ya wakulima hukataa kwa sababu ya msingi ambayo wawindaji huidharau. Jike mmoja aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na risasi moja inayoua mmoja huwatawanya waliobaki, wakawa wajanja na wagumu kuingia mtegoni. Ndiyo sababu jimbo la Missouri, mwaka 2016, lilipiga marufuku uwindaji wa nguruwe mwitu kwenye maeneo yake ya uhifadhi, ili mitego mikubwa inase kundi zima kwa mara moja. Mkulima mwenye mtego akikueleza hivyo, usibishane naye. Jitolee kubeba mahindi ya chambo, kukagua mtego alfajiri na kuondoa mizoga. Wanaobaki nje ya mtego baada ya kundi kunaswa atakuachia wewe, tena kwa moyo mweupe. Wako pia wanaoshuku kwamba wawindaji huachilia nguruwe hai mahali papya ili mchezo usiishe, na shaka hiyo ina historia, kwani katika miaka ya 1930 nguruwe mwitu wa Ulaya waliletwa Texas kwa ajili ya uwindaji. Sema wazi kwamba hutasafirisha mnyama hai.

Hofu nyingine ni ya kushtakiwa mgeni akiumia. Sheria za Texas hupunguza sana wajibu wa mwenye ardhi anayemruhusu mtu kuingia bila malipo kwa ajili ya burudani kama uwindaji, na wakulima wengi hawalijui hilo. Lieleze kwa upole, na utie sahihi karatasi ya kukubali hatari mwenyewe.

Ruhusa ikishapatikana, hutunzwa kwa mambo madogo: lango liachwe kama lilivyokutwa, gari lisipite kwenye shamba lililolowa, rafiki asiletwe bila kuombewa, na mwenyeji apigiwe simu kila unapoingia na kutoka. Ukiona uzio umekatika, uufunge kabla ya kumweleza. Mwulize pia kama anapenda kupewa nyama. Vaa glavu unapochinja, kwa sababu nguruwe hawa hubeba ugonjwa wa bruselosisi, na upike nyama hadi nyuzi 71 za selsiasi. Aidha, tangu 2024 Texas imeruhusu chambo chenye sumu ya wafarini, kilichotiwa rangi inayoonekana kwenye mafuta ya mnyama aliyekila. Kwa hiyo uliza kama yeye au jirani zake wanakitumia, na mafuta yakiwa ya buluu, nyama hiyo isiliwe.