Mgeni Wako Atalala Wapi?

Fomu ilikuwa na kurasa mbili, na mama alikwama katikati ya ukurasa wa kwanza. Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, mgeni atapewa chumba chake, au atalala chumba kimoja na mwanafunzi mwenyeji? Pembeni palikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Mama akaweka kalamu juu ya meza ya jikoni, akaenda kukoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa.

Ilikuwa Januari 2004, Wilhelmsburg, kile kisiwa cha Hamburg kilichozungukwa na mto Elbe. Baba alikuwa baharia wa Tanga aliyeacha meli akapata kazi ya nchi kavu bandarini, na sisi tukamfuata miaka saba nyuma. Mimi na wadogo zangu wawili tulilala chumbani, wazazi walilala sebuleni kwenye kochi la kukunjua. Darasa letu, la 9, lilikuwa linajiandaa kwenda Marseille siku kumi mwezi wa Aprili, kisha Septemba wanafunzi wa huko waje kwetu. Safari hizi ndivyo zilivyo, leo unalala kwao, kesho wanalala kwako. Hamburg na Marseille ni miji dada tangu 1958, na nauli ilipunguzwa na ruzuku ya ile ofisi ya vijana ya Ujerumani na Ufaransa iliyoanzishwa 1963. Kwa hiyo fedha haikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kisanduku.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alisema akiwa mlangoni, bado na viatu vya kazi.

"Methali haina kitanda," mama akamjibu. "Mtoto wa watu atoke Ufaransa, nimlaze wapi? Akirudi kwao akasimulie nini?"

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Mama alikulia katika nyumba ambayo mgeni alipewa kitanda cha besera na shuka zilizofukizwa udi. Kumlaza mtu chini kwenye godoro la sponji, kwake, ilikuwa ni kumwambia kwamba hakumtarajia.

Mwishowe mwalimu wetu wa Kifaransa ndiye aliyepata njia. Mimi niende, lakini Septemba mgeni wangu alale kwa mwenzangu wa darasani ambaye kwao kulikuwa na chumba cha ziada. Mama akatia saini. Mimi nikabaki na furaha ya safari na kitu kingine chini yake, kwa sababu wiki nzima sikuweza kumtazama huyo mwenzangu usoni.

Kisha likaja la pasipoti. Mwalimu alipotaka nakala ndipo tulipogundua kwamba yangu ya Tanzania ilikwisha muda tangu Novemba. Hakuna mtu nyumbani aliyeifungua. Mpya isingeweza kupatikana kabla ya Aprili, na nililala usiku ule nikijua kwamba safari imekwisha. Lakini kumbe nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimekubaliana mwaka 1994 kuhusu watoto kama mimi, wanaoishi katika nchi mojawapo bila kuwa raia wake. Shule huandika orodha ya wanafunzi wanaosafiri na mwalimu wao, picha hubandikwa, ofisi ya wageni huthibitisha na kugonga mhuri, na karatasi ile husimama mahali pa hati ya kusafiria. Kwenye karatasi yetu tulikuwa wawili, mimi na mvulana mmoja kutoka Afghanistan. Mwalimu aliitia ndani ya bahasha ya plastiki, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akawa anaipapasa kila treni ilipopunguza mwendo.

Hakuna aliyeiomba. Kutoka Köln tulipanda ile treni nyekundu ya kwenda Paris, tukakatisha Ubelgiji, na mpaka wa Ufaransa ukapita kama vile shamba linavyopakana na shamba. Wenzangu hawakujua hata kama tumevuka. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nauangalia mkono wa mwalimu.

Paris tuliiona kupitia madirisha ya metro tu. Kisha saa tatu za treni ya mwendo kasi kwenda kusini, kwa reli ambayo wakati huo ilikuwa na karibu miaka mitatu tangu ifunguliwe, na jioni tukashuka Saint-Charles. Upepo ulitupokea kwenye jukwaa, ule mkavu wanaouita mistral, unaosukuma mtu mgongoni kama askari.

Wenyeji walikuwa wamejipanga. Mwalimu wao alisoma majina mawili mawili, la Mjerumani na la Mfaransa, na kila jina liliposomwa watu wawili walisogeleana wakapeana mashavu. Nilikuwa nimejiandalia picha yangu ya Ufaransa. Ilitoka kwenye kitabu cha lugha: nyumba yenye bustani, baba mwenye miwani, mkate mrefu, kinanda sebuleni. Jina langu liliposomwa alijitokeza msichana mweusi mwembamba, na nyuma yake mama mwenye kitambaa kichwani na koti la kijivu, amemshika mkono mtoto wa kiume.

Nilichokihisi pale kimenisumbua miaka mingi, na nakisema kama kilivyokuwa. Nilichomwa. Nilifikiri, wametupanga kwa rangi. Wengine wote wamepewa Ufaransa, mimi nimepewa yetu ileile. Yule msichana alinipa mashavu, moja, la pili, akachukua begi langu bila kuuliza, na nadhani aliona usoni mwangu kila kitu, maana yeye pia hakusema neno mpaka tukafika kwenye basi.

Walikaa kaskazini mwa mji, ghorofa ya tisa. Lifti ilikuwa inafanya kazi siku ile. Msichana akanionyesha chumba: kitanda kimoja kilichotandikwa shuka zenye mikunjo ya pasi, na chini yake, limesukumwa lisionekane, godoro la sponji. Ndipo nilipoelewa kwamba kitanda ni changu, godoro ni lake, na mdogo wake anayelala hapo siku zote amehamia kwa wazazi. Mama mmoja mwingine alikuwa amekaa mezani mbele ya visanduku viwili vilevile. Akatia alama.

Siku za shule sina mengi ya kuzisimulia. Kwetu masomo yalikwisha saa saba mchana, kwao tulitoka saa kumi na moja jioni, na niliona ajabu kwamba watoto wanaweza kukaa darasani kutwa nzima. Tulipelekwa kwa mashua kwenye kisiwa cha If, tukapanda mpaka kanisa la Notre-Dame de la Garde ambako watu wa pale wamemwekea Bikira Maria wa dhahabu juu ya mnara awaangalie mabaharia. Siku ya tatu tulirudi Saint-Charles kuonyeshwa ngazi kubwa mbele ya stesheni. Ni vidato 104, na mwalimu wao alituhesabisha kwa Kijerumani.

Huko chini, kila upande wa ngazi, kuna sanamu ya mwanamke wa mawe aliyejinyoosha. Mmoja ameandikiwa Makoloni ya Asia, mwingine Makoloni ya Afrika. Mwalimu alikuwa anatueleza habari za Konrad Adenauer wa Ujerumani na Charles de Gaulle wa Ufaransa, jinsi walivyotia saini mkataba wao tarehe 22 Januari 1963, miaka kumi na minane tu tangu vita vimalizike, wakaamua kwamba watoto wa maadui watalala nyumba moja na kula sahani moja ili wasipigane tena. Ni jambo kubwa na bado naliamini. Mamilioni ya vijana wamesafiri kwa sababu ya saini zile, nami ni mmoja wao. Lakini nilisimama karibu na yule mwanamke wa Afrika, na mwenyeji wangu akaja akasimama kando yangu. Babu wa babu yangu alijenga reli ya Wajerumani kutoka Tanga kwenda Usambara. Wao kwao ni Ngazidja, katika Komoro, iliyokuwa ya Wafaransa hadi 1975. Adui aliyepatanishwa na mwingine pale hakuwa mimi wala yeye. Hatukusema kitu. Aliniuliza tu, kwa Kijerumani chake cha shuleni, kama nasikia baridi.

Jumamosi yeye na mama yake wakanipeleka kwa nyanya yake, katikati ya mji, nyuma ya soko la Noailles. Nilianza kuisikia lugha yao tangu sokoni. Wanawake wawili walikuwa wanabishana juu ya fungu la majani ya muhogo, na sikio langu likageuka kabla sijageuka mimi, kama unapoitwa jina lako kwa mbali. Nilidhani ni Kiswahili. Nikasogea, hakikuwa. Maneno yalikuwa yetu lakini yamevaa nguo nyingine.

Nyanya alitufungulia mwenyewe. Nilipiga goti kidogo bila kufikiri, nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akanitazama. Hakujibu. Akamwangalia mjukuu wake kama anayeomba tafsiri, naye hakuwa nayo. Nikaona haya, nikaketi.

Akaleta sahani. Ilikuwa kisamvu cha nazi, chenyewe hasa, na harufu ile ilinifungua kifua. Wao wanakiita mataba. Mwenyeji wangu akapokea sahani yake kwa mikono miwili, akasema, "Marahaba, Koko."

Nilishtuka. Kwetu marahaba ni ya mkubwa. Mtoto akimwambia bibi yake marahaba, atafukuzwa mezani. Nilimtazama yule bibi nikingoja hasira, naye akatabasamu. Nikauliza kwa Kifaransa, amesema nini? "Amesema asante," mama mtu akanijibu. Kwa Kingazidja marahaba ni asante. Nikawaeleza kwamba kwetu mtoto husema shikamoo, mkubwa ndiye anayejibu marahaba, na yule Koko, ndivyo wanavyomwita bibi, akaweka mwiko chini.

"Unguja!" akasema.

Shemeji yake aliishi Unguja miaka mingi, kama Wangazija wengi wa zamani, na alipokuja kuwaona alikuwa akitumia neno lile. Akalirudia polepole, shi-ka-mo-o, akiwa kama mtu anayetafuta kitu ndani ya sanduku. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kidevu, akajibu, "Marahaba." Sijui kama alikuwa ananijibu au ananishukuru.

Baada ya hapo chakula kilipoa. Tulihesabu. Mimi mbili, yeye mbili. Mimi tatu, yeye ndraru. Nne ilikuwa nne. Mimi tano, yeye ntsanu. Nane ilikuwa nane, na kila tulipokutana kwenye neno moja aligonga meza kwa kiganja. Maji, bahari, baridi, nyama. Mwenyeji wangu, ambaye alikuwa anajibu lugha ya nyumbani kwa Kifaransa siku zote, alianza naye kuhesabu. Mkate wao wa sinia ulipoletwa nikasema jina lake kabla hawajaniambia. Kifaransa changu, ambacho ndicho nilichopelekwa kukitafuta, sikukikumbuka hata kidogo saa nzima, na nilikuwa Ufaransa.

Mume wa Koko, marehemu, alikuwa baharia. Alifanya kazi chini, kwenye mashine, katika meli za Wafaransa, na Marseille ndipo meli zilipomtua. Nikamwambia baba yangu naye baharia, Hamburg ndipo zilipomtua. Akatikisa kichwa, kama vile nimemwambia habari za mtaa wa pili.

Ndipo akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema nyumbani. Akafungua droo iliyojaa kadi za simu, zile za kukwangua namba, wanazonunua Noailles kupigia Komoro. Akakwangua moja kwa ukucha.

Mama alipokea kwa sauti kubwa, kama anavyopokea simu zote za mbali, kwa hiyo sote tulimsikia. Alidhani nimeumwa. Nikamwambia mimi mzima, nimekula kisamvu, niko kwa watu wa Ngazidja. Kimya. Nikamwambia, kwa haraka kwa sababu kadi ilikuwa inahesabu, kwamba mimi nalala kitandani, mwenyeji wangu analala chini kando yangu, na mdogo wake amehamia kwa wazazi.

"Chini? Kwenye nini?"

"Godoro la sponji, mama."

Koko akaniomba simu kwa ishara ya vidole. Niliusikia upande mmoja na nusu. Mama alisema shikamoo, na Koko, ambaye sasa alishajua, akajibu kwa fahari. Walizungumza vile watu wanavyovuka mto kwa mawe, wakiruka kutoka neno moja wanalolijua wote hadi lingine: watoto, baridi, nazi, Mungu. Palipokosekana jiwe walicheka. Koko alisema "ewa, ewa" mara nyingi, akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akanirudishia simu.

Sauti ya mwanamke kwenye kadi ilikuwa tayari inatangaza kwamba imebaki dakika moja. Mama hakuniaga. Alikuwa ananong'ona sasa, kama mtu aliyesimama katikati ya chumba akikipima kwa macho.

"Muulize huyo binti," alisema. "Akija Septemba, anapenda kulala upande wa dirishani au wa mlangoni?"