Upanga wa Kijapani na kichochoro cha Langoni

Swali linalorudi kila mara kwenye baraza zetu za Lamu, hasa vijana wakishatazama filamu za mapigano, ni hili: kwa kujilinda, kipi bora, karate, judo, ndondi au kung fu? Jina la mtindo halisemi mengi. Ukitaka kujua kama mahali fulani panafunza kujilinda, kaa pembeni utazame mazoezi kwa nusu saa. Mwanafunzi akitaka kumwangusha mwenzake, je, mwenzake anakataa kuanguka? Akirusha ngumi, anarudishiwa? Kama kila mtu anasimama wima akimngoja mwenzake amalize mbinu, hapo panafunzwa kitu kizuri cha kutazama, basi. Siku ya shida mwili utakutana kwa mara ya kwanza na mtu anayepinga.

Wajapani walihangaika na tatizo hili kwa karne kadhaa. Sehemu kubwa ya historia ya upanga wao ni kutafuta namna ya kufanya mazoezi kwa nguvu zote bila kuuana.

Mwanzoni upanga haukuwa hata silaha yao kuu. Samurai, askari wa tabaka la juu, wa karne ya 12 na 13 alikuwa mpiga mishale juu ya farasi, na upanga wake, tachi, ulining'inia kiunoni makali yakitazama chini. Katika karne ya 15 na 16 vita vikawa vya majeshi makubwa ya miguu, na upanga ukahamia ndani ya mshipi, makali yakitazama juu. Huo ndio katana. Ukivaliwa hivyo, kuchomoa na kukata vinakuwa tendo moja, na hapo ikakua sanaa ya kuchomoa ambayo leo huitwa iaido. Asili yake inahusishwa na Hayashizaki Jinsuke, mwishoni mwa karne ya 16. Makali ya katana ya kawaida yana urefu wa sentimita 70 hivi, na upanga mzima una uzito wa kilo moja na kidogo. Wale wanaodhani ni chuma kizito cha kuinuliwa kwa tabu wameona filamu nyingi mno.

Kisha wakaingia Wareno, ambao sisi wa pwani tunawajua vizuri. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na nguzo yao ingali pale kwenye rasi. Mwaka 1543 Wareno wachache wakafika kisiwa cha Tanegashima na bunduki za utambi. Mafundi wa Kijapani waliziiga upesi, na mwaka 1575, huko Nagashino, bunduki zilisaidia kuwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Upanga ungeweza kufa hapo. Uliokolewa na amani: kuanzia 1603 ukoo wa Tokugawa ulitawala kwa zaidi ya miaka 250, upanga ukabaki alama ya tabaka, na shule za kuufunza zikastawi.

Shule hizo zilifunza kwa kata, yaani mapigo yaliyopangwa baina ya watu wawili wenye panga za mbao ngumu, bokuto. Bokuto ina urefu wa karibu mita moja na gramu 500 hadi 600, na ikifika inavunja mfupa. Kwa hiyo pigo husimamishwa kabla halijagusa. Tatizo likazaliwa papo hapo: ukirudia kusimamisha pigo kila siku, unachozoea ni kusimamisha. Katika karne ya 16, Kamiizumi Nobutsuna wa shule ya Shinkage alitumia mwanzi uliopasuliwa na kuvikwa ala ya ngozi, ili pigo lifike na mtu arudi nyumbani mzima. Katika karne ya 18 shule za Naganuma na Nakanishi ziliongeza kinga za kichwa, mikono na kifua, na watu wakaanza kupigana kweli.

Wazee wa shule za zamani walinung'unika kwamba huo ni mchezo, na kwa upande mmoja walisema kweli. Mwanzi, yaani shinai, ni mwepesi na hauna makali, kwa hiyo mtu anaweza kushinda kwa mguso wa kifundo cha mkono ambao kwa upanga wa chuma usingekata hata kanzu. Lakini aliyepitia mazoezi hayo alijua masafa na wakati kuliko aliyekariri kata peke yake. Kano Jigoro alifuata njia iyo hiyo alipoanzisha judo mwaka 1882. Aliondoa katika mazoezi huru mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana bila silaha, zinazovunja viungo na kupofua macho, akabakisha zile zinazoweza kufanywa kwa nguvu zote. Wanafunzi wake waliopungukiwa na mbinu hatari wakawa watu hatari zaidi, kwa sababu walichokijua walikuwa wamekijaribu mara elfu kwa mtu anayekataa.

Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku kubeba panga hadharani. Sanaa ikaokolewa na polisi na vyama. Mapigano hayo ya shinai na kinga yakapewa rasmi jina la kendo mwaka 1920, yakazimwa baada ya vita kwisha mwaka 1945, na shirikisho la kendo likaundwa mwaka 1952.

Sasa turudi Langoni na Mkomani, mitaa yetu ya Lamu. Vichochoro vyetu vingine punda mwenye mzigo akipita inabidi ujibanze dakani mlangoni. Kuta ni za mawe ya matumbawe, kuna ngazi usizozitarajia, mitaro, na kinyesi cha punda kinachoteleza. Teke la juu hapo ni kujitafutia kuvunjika nyonga, na mwenye kanzu au kikoi asilifikirie kabisa. Pigo la kuzungusha fimbo litagonga ukuta, na mtikisiko utarudi kwenye kifundo chako. Wajapani walikutana na jambo hilo hilo ndani ya nyumba zenye vizingiti vya chini: upanga mrefu uliwekwa kando, na mfupi, wakizashi, ukabaki kiunoni.

Kinachofaa kichochoroni ni kuchoma kwa fimbo. Hapa jodo, sanaa ya Kijapani ya fimbo, ina mengi ya kutufunza. Fimbo yake ina urefu wa sentimita 128 na unene wa sentimita 2.4, na shule yake mama inahusishwa na Muso Gonnosuke wa mwanzoni mwa karne ya 17; polisi wa Tokyo walifunzwa nayo katika karne ya 20. Bakora ya kawaida ni fupi zaidi, lakini kazi ni moja. Mkono wa nyuma ushike ncha ya nyuma, wa mbele katikati, fimbo ikilala kando ya ubavu. Songa mguu wa mbele nusu hatua, sukuma kwa nyonga hadi ncha ifike kwenye chembe cha moyo, kisha irudishe kwa kasi kuliko ulivyoipeleka. Wengi huharibu hapo mwisho: wanaiacha fimbo imenyooka hewani, inadakwa, na shughuli inageuka kuvutana kamba. Kosa jingine ni kunyoosha gumba juu ya fimbo. Likikutana na kitu kigumu linateguka.

Mcheza kirumbizi, ngoma yetu ya kupigana kwa fimbo, ana nusu ya haya tayari. Macho yako kifuani mwa mwenzake, miguu ni myepesi, na masafa anayajua bila kufunzwa. Asichonacho ni mpinzani asiyefuata ngoma. Kwenye duara la kirumbizi wote wawili wanasikiliza zumari na wana heshima ya uwanja, na inafaa iwe hivyo. Ukitaka kuligeuza kuwa zoezi la kujilinda, ondoa ngoma, vaeni kofia za kinga na glavu nene, vikeni fimbo sponji, na kila mmoja aruhusiwe kudanganya, kukimbia na kung'ang'ania.

Kisu ni habari nyingine. Mbinu za kukamata kiganja chenye kisu, zile za maonyesho, zinategemea mshambuliaji anayechoma mara moja na kuacha mkono hewani. Mchomaji halisi anarudisha mkono na kuchoma tena na tena. Jambo la kwanza ni masafa. Katika kendo kuna kipimo cha hatua moja: umbali ambao mtu akipiga hatua moja anakufikia. Mkae nje ya hapo, tieni kiti, mkokoteni au mlango kati yenu, na mwondoke. Ukishabanwa ukutani, mikono yako yote miwili ishike mkono wake mmoja wenye kisu, kiwiko chake ukibane kifuani kwako, umsukume kwenye ukuta wa pili kwa uzito wa mwili, kisha utoke. Utakatwa kidogo hata ukifanya sawa. Sheria nayo inataka nguvu inayolingana na hatari. Mtu akishakimbia, kumfuata na bakora ni kosa lako.

Kwa anayeanza, mimi ningemweka kwenye judo au ndondi kwa miezi sita kabla ya kitu kingine. Karate inategemea mwalimu: kuna wanaopigana na kuna wanaohesabu hewani. Aikido, sanaa ya Kijapani ya kugeuza nguvu za mshambuliaji, iwe baadaye sana. Kendo itakupa utulivu na macho, ila haitakufunza ufanye nini mtu akishakukumbatia. Iaido ifuate kwa mapenzi yake tu.

Kuanguka ndilo somo la kwanza, maana Lamu mtu huanguka mara nyingi kuliko anavyoshambuliwa. Kidevu kifuani, mgongo mviringo, na mkono upige chini wote kuanzia kiganja hadi kiwiko, ukiwa pembe ya digrii 45 hivi na mwili. Ukiutanguliza mkono ulionyooka ili ujizuie, mfupa wa mtulinga au kifundo kitalipa. Mchanga wa ufuo wa Shela ni mzuri kwa kuanguka, lakini mkavu unameza mguu, na ukigeuka kwa kasi goti linabaki nyuma. Fanyeni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana.

Vifaa navyo vina maradhi yake hapa. Shinai ina vipande vinne vya mwanzi, na msimu wa kaskazi mwanzi hukauka na kuchanika. Kabla ya kila zoezi pitisha kitambaa kandokando. Kikinasa, kuna kibanzi, na kipande hicho kikwanguliwe au kibadilishwe. Kofia ya ngozi ya nchani ikitoboka, tupa, maana kipande cha mwanzi hupita kati ya nondo za barakoa hadi jichoni. Upanga wa chuma halisi usiguswe kwa vidole, kwani jasho na hewa ya bahari huutia kutu upesi. Wajapani huupaka choji, mafuta mepesi yenye harufu ya karafuu. Usiupake mafuta ya karafuu yenyewe. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini kutoka mpini kwenda ncha, mgongo wa upanga ukielekea kiganjani, kisha paka utando mwembamba usioonekana. Upanga wa mazoezi wa aloi ya alumini haupati kutu, ila usigonganishwe na kitu chochote: unaweza kukatika, na kipande kikarukia watu.