Alt, F, halafu aibu

Mjomba ana duka la spea Kariakoo, na programu yake ya stoo ni ya kizamani balaa, haitoi ripoti yenyewe, kila jioni mtu akae aingie menyu ya Faili, ashuke mpaka Ripoti, aandike jina, Enta. Nikasema hii naimaliza na AutoHotkey, programu ya kuandikia skripti zinazobonyeza vitufe badala yako, kila saa kumi na mbili jioni skripti ibonyeze Alt+F, mshale wa chini mara tatu, Enta, iandike "stoo jioni", Enta tena, kwisha.

Siku mbili fresh. Ya tatu mjomba kafungua WhatsApp kwenye kompyuta anamjibu mteja bei ya bushi za Noah, saa kumi na mbili ikagonga, mteja akatumiwa "stoo jioni". Akajibu "sawa bosi", na akaja kweli 😂

Ndo hivyo, Windows haijali kitufe kimetoka kidoleni au kwenye skripti, inakipeleka kwa dirisha lililoshika fokasi muda ule, yaani lile linalopokea unachoandika. Nikaweka skripti ilete kwanza dirisha la stoo mbele, ingoje, ndo ibonyeze. Kumbe menyu nayo ina vituko vyake, ikifunguka fokasi haihamii kwake, ukiuliza unaambiwa iko kwa dirisha lilelile la stoo, huku menyu ndo inakula vitufe vyote. Na ukigonga Alt wakati iko wazi tayari, inajifunga, halafu mishale yako inaenda kutembea kwenye jedwali la bidhaa.

Nikaacha mishale nikatumia herufi R, ya kuchagulia Ripoti. Sasa menyu ina Ripoti na ina Rejesha, na herufi ikiwa ya wawili haitekelezi kitu, inaweka alama tu kwa mmoja na kungoja Enta. Enta yangu ikaangukia Rejesha. Kikatokea kisanduku kinauliza kama nirudishe data za wiki iliyopita, daah, nilichomoa kibodi sijui hata kwa nini.

Dawa ilikuwa kutobonyeza kabisa. Kila kipengele cha menyu kina namba yake, unaituma kwa dirisha kama ujumbe wa WM_COMMAND, ule ambao Windows yenyewe hulitumia dirisha ukichagua kitu kwenye menyu, basi menyu haifunguki na fokasi haihusiki. Ila tumia PostMessage, inayoacha ujumbe na kuendelea, mi nilianza na SendMessage ikaganda, maana yenyewe inangoja jibu, na jibu haliji mpaka kisanduku cha kuandika jina la ripoti kifungwe. Jina nalo nikaliweka moja kwa moja kwenye kile kisanduku.

Mjomba mpaka leo ikifika saa kumi na mbili anainua mikono juu ya kibodi, nimemwambia chati tu mjomba haina shida, hataki.