Uvimbe wa mafuta ndani ya kisigino: kwa nini sikupasuliwa

Nilipigwa eksirei ya mguu kwa sababu ya kuteguka kifundo. Hakuna kilichovunjika, ila ripoti ilitaja jambo jingine kabisa: doa jeusi lenye ukingo mwembamba mweupe ndani ya mfupa wa kisigino, na katikati yake punje ya chokaa. Mtu akisoma "uvimbe kwenye mfupa" hufikiria saratani tu. Mimi pia, na niliogopa sana.

Kilichonituliza ni kulishikilia swali moja: ndani ya doa hilo mna nini? Eksirei haiwezi kulijibu kwa uhakika, maana uvimbe wa maji nao hupenda sehemu hiyohiyo ya kisigino. MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo yenye jibu. Ipo picha ambayo mafuta hung'aa, na ipo nyingine ambayo mafuta huzimwa makusudi. Doa langu liling'aa kwenye ya kwanza, likazimika kwenye ya pili pamoja na mafuta ya chini ya ngozi. Basi lilikuwa fuko la mafuta, yaani lipoma ya ndani ya mfupa. Ni nadra, na kisigino ni mojawapo ya mahali inapoonekana zaidi.

Daktari wa kwanza alishauri upasuaji: kukwangua na kujaza kipandikizi cha mfupa. Niliomba muda, nikazipeleka picha zenyewe, si ripoti peke yake, kwa bingwa wa uvimbe wa mifupa. Naona hii ndiyo hatua iliyoamua kila kitu. Alinibonyeza kisigino, akauliza kama huniuma usiku au ninapopumzika, akakagua kama ganda la nje la mfupa limeliwa. Halikuliwa, wala sikuwa na maumivu hapo. Yaliyokuwapo yalitoka kwenye kano za kifundo. Alisema biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe ili kukipima, haina kazi pale MRI inapoonyesha mafuta waziwazi, na kwamba kisu kina maana uvimbe ukiuma au ukidhoofisha mfupa kiasi cha kuhofia kuvunjika.

Kwa hiyo naangaliwa tu. Kifundo kimepona, natembea na kukimbia. Picha za mwanzo nimezihifadhi kwenye diski, kwa kuwa eksirei ijayo italinganishwa nazo. Kisigino kikianza kuniuma bila sababu, nitarudi mapema.