Jinsi nilivyoupa uzito mlio wa Krakatoa

Nilipoandika makala kuhusu mlipuko wa mwaka 1883 wa volkano ya Krakatoa, iliyo kati ya visiwa vya Java na Sumatra katika Indonesia ya leo, daftari langu la utafiti lilijaa mambo: urefu wa mawimbi, idadi ya waliokufa, majivu, machweo mekundu yaliyoonekana hadi Ulaya. Katika yote hayo, moja lilikataa kunitoka akilini. Mlio wa mlipuko ule ulisikika kisiwani Rodrigues, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, takriban kilomita 4,800 kutoka pale. Nilitaka msomaji abaki na hilo.

Sifa kama "ajabu" na "kubwa mno" niliziweka kando, maana msomaji ameshazizoea. Nikarudi daftarini, kila noti nikaipima: inaukuza mlio huu, au inaufunika?

Noti mbili kavu ndizo zilizonifungulia njia. Ya kwanza: mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea Agosti 27, saa nne na dakika mbili asubuhi kwa saa za huko. Ya pili: sauti husafiri hewani takriban kilomita 1,200 kwa saa. Nikapiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Mlio ulihitaji muda wa saa nne hivi kufika Rodrigues! Hapo nikapata nafasi ya kusimulia, kwa kuwa mlio ulipokuwa ungali juu ya bahari, mawimbi ya tsunami yalikuwa yakizikumba pwani za Java na Sumatra. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi hayo. Niliwataja hapo hapo, kwa sentensi isiyo na pambo, kwa sababu kuwageuza kionjo cha habari ya sauti kungekuwa kuwakosea heshima.

Ndipo nikamleta James Wallis, mkuu wa polisi wa Rodrigues, aliyeandika kwamba alisikia kama mizinga mikubwa ikinguruma mbali, upande wa mashariki. Sikumfafanulia msomaji chochote. Wallis hakujua kilichotokea. Msomaji anajua, na tofauti hiyo inatosha. Sentensi yake niliipa aya nzima peke yake.

Baada yake niliruhusu noti moja tu: barometa, yaani vyombo vya kupima kanieneo (mgandamizo) ya hewa, katika sehemu nyingi duniani zilionyesha wimbi la kanieneo hiyo likiizunguka dunia zaidi ya mara moja. Hiyo inauendeleza mlio pale sikio linapokoma. Machweo mekundu, ingawa ni mazuri kuyaelezea, niliyaacha daftarini. Yangemwita msomaji atazame, nami nilitaka aendelee kusikiliza.