Taa za Diwali: kila siku na kisa chake

Ukiuliza kwa nini Diwali, sikukuu ya Wahindu, huwashwa taa, jibu la kwanza karibu kila mara ni Rama, mwana wa mfalme: alirejea mjini kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya kufukuzwa, adui yake Ravana, mfalme wa mazimwi, ameshauawa, na wenyeji wakampangia taa kwa kuwa usiku ule haukuwa na mwezi. Ni kweli, ila hicho ni kisa cha usiku mmoja, na zaidi cha kaskazini mwa India. Sikukuu yenyewe ni ya siku tano.

Siku ya kwanza ni Dhanteras, na kisa chake ndicho nikipendacho kuliko vyote. Mwana wa mfalme Hima alitabiriwa kufa kwa kuumwa na nyoka siku ya nne ya ndoa yake. Usiku huo mkewe alirundika mlangoni dhahabu na fedha zake zote, akawasha taa kila upande, akakesha akimwimbia na kumsimulia hadithi ili asisinzie. Yama, mungu wa mauti, akaja kwa umbo la nyoka. Mng'aro ukamtia kiwi. Akapanda juu ya lile rundo, akatulia kusikiliza, na kulipopambazuka akaenda zake. Ndiyo maana jioni hiyo taa ya Yama huwekwa nje ya mlango ikielekea kusini, upande wake. Wengi huifinyanga kwa unga wa ngano. Ukandwe mgumu kuliko wa chapati. Ukiwa laini, kingo hulegea mafuta yakipata moto na utambi huzama.

Siku ya pili, watu wa Tamil Nadu, kusini mwa India, hawangoji jioni. Kwao Diwali ni ushindi wa mungu Krishna na mkewe Satyabhama dhidi ya zimwi Naraka, basi watu huamka kabla ya alfajiri, hupakwa mafuta ya ufuta kichwani, huoga maji ya moto na kuvaa nguo mpya.

Usiku wa tatu, mwezi ukiwa haupo kabisa, ni wa Lakshmi, mungu wa kike wa mali, aliyetokea miungu na mahasimu wao asura walipoisuka bahari ya maziwa, mlima Mandara ukiwa mchi na nyoka Vasuki kamba. Nyayo zake huchorwa kwa uji wa unga wa mchele kutoka kizingitini, vidole vikielekea ndani. Ukizigeuza, umemchora akiondoka.

Ibada yake ni baada tu ya jua kuzama, na hapo ndipo tarehe huleta ubishi. Mwaka 2024 siku hiyo, inayohesabiwa kwa mwendo wa mwezi, ilianza alasiri ya Oktoba 31 ikaisha jioni ya Novemba 1. Wengine wakasherehekea tarehe 31, wengine 1.

Sasa taa zenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Taa mpya ya udongo hunywa mafuta. Iloweke majini saa kadhaa, usiku kucha ni bora zaidi, kisha ianike ikauke vizuri. Ikibaki na majimaji, moto hutatarika na kuzimika. Utambi wa pamba uchovye wote katika samli au mafuta ya haradali kabla ya kuuweka, ncha ibaki nje kama nusu sentimita. Ikizidi hapo, unapata masizi badala ya mwanga. Usijaze mafuta hadi ukingoni: udongo huvuja, na sakafu hubaki na duara la mafuta lisilotoka kirahisi. Na zisikae karibu na pazia wala njia ya watoto.

Siku ya nne ni ya Krishna aliyeuinua mlima Govardhan kwa kidole kuwakinga watu na mvua ya mungu Indra.

Ya tano humrudisha Yama. Safari hii hakuna anayemzuia mlangoni: amekuja kumtembelea dada yake Yamuna, naye anampaka alama kwenye paji la uso na kumwandalia chakula. Siku hiyo kina dada huwafanyia kaka zao vivyo hivyo.