Karatasi Iliyochanwa

Jumapili, usiku

Biblia ya ukoo wa mume wangu iko kwenye kabati la mama mkwe, hapa Ohio, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Mara ya kwanza aliponifungulia, alinionyesha katikati, baina ya Agano la Kale na Jipya, mahali ambapo watu wa huku huandika ndoa, vizazi na vifo. Karatasi haikuwepo. Ulibaki ukingo mwembamba wenye nyuzi za mshonaji. Tangu enzi za bibi yake, Mama aliambiwa kwamba watoto ndio walioichana.

Leo nimeiona hiyo karatasi, na watoto walisingiziwa.

Nilikuwa nikimtafuta yule babu wa kale, askari, ambaye kila mtu katika ukoo humtaja na hakuna anayejua alipigana wapi. Jalada lake la pensheni limehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa kule Washington, na limeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Sheria ya Juni 7, 1832 iliwapa pensheni waliotumikia angalau miezi 6 katika vita vya uhuru wa Marekani. Lakini wathibitishe kwa kitu gani? Nyaraka nyingi za jeshi ziliteketea Ofisi ya Vita ilipoungua Novemba 1800. Basi wazee wakaenda mahakamani, wakaapishwa, wakaulizwa. Ulizaliwa wapi, mwaka gani? Ulijitolea, au ulikwenda badala ya mtu mwingine? Maofisa wako walikuwa nani? Kisha mchungaji na jirani wakasimama kusema kwamba ndiyo, huyu hapa kwetu anajulikana kuwa alikuwa askari.

Nilisoma nikasisimka. Nimekulia Muheza, ambako ugomvi wa shamba huamuliwa na mzee anayekumbuka nani aliupanda mwembe upi. Miaka yote niliamini kwamba wao wana karatasi, sisi tuna mdomo. Kumbe karatasi yao hii ni mdomo wa mzee wa miaka 72, na karani pembeni mwenye wino. Mzee mwenyewe hakujua kuandika. Katikati ya jina lake kuna X iliyopinda, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na doa pale kalamu ilipokwama.

Anasema alianza mwaka 1777, kusini-magharibi mwa Pennsylvania, akilinda ngome karibu na mto Monongahela. Kazi yake ilikuwa upelelezi. Watu wawili hutoka ngomeni na kutembea msituni siku kadhaa wakitafuta nyayo za wapiganaji wa makabila ya wenyeji waliovuka mto Ohio. Usiku hawakoki moto. Huku eneo lile wanaliita kwa neno lenye maana ya ukingo wa nchi. Ukingo kwao, maana ng'ambo ya mto palikuwa na watu, na mahindi yao, na makaburi yao.

Anaeleza zamu moja baada ya nyingine: 1777, 1778, 1779, 1781. Halafu vuli ya 1782. Majira ya kuchipua ya mwaka huo hayataji kabisa.

Machi 8, 1782, wanamgambo waliotoka hasa kaunti ile aliyoishi yeye waliwaua Walenape 96, watu wa kabila mojawapo la wenyeji hao, katika kijiji cha Gnadenhutten, hapa Ohio. Walikuwa Wakristo, wasiopigana na mtu, waliorudi na njaa kuvuna mahindi waliyoyaacha shambani. Wanaume 28, wanawake 29, watoto 39. Waliambiwa jioni kwamba watauawa, wakakesha wakisali na kuimba.

Simtuhumu babu wa watoto wangu. Jina lake sijaliona likitajwa huko. Lakini kaunti ndiyo ile, umri ndio ule, na mzee aliyekumbuka majina ya makapteni baada ya miaka 50 aliiruka miezi ile. Nilimsomea mume wangu. Akaniomba nirudie tarehe, kisha akatoka kukaa barazani, gizani.

Karatasi ya Biblia imo mwishoni mwa jalada. Sheria ya Julai 7, 1838 iliwapa pensheni wajane walioolewa kabla ya Januari 1, 1794. Mjane wake akaichana karatasi ya ndoa, ya mwaka 1788, akaipeleka Washington iwe ushahidi. Haikurudi. Chini ya ndoa kuna watoto tisa. Mbele ya majina mawili tarehe ya kuzaliwa na ya kufa zimeandikwa kwa wino uleule.

Nilimpigia simu Mama, nikamsomea majina yote polepole. Aliyarudia moja moja. Nikamweleza na habari ya Gnadenhutten, sikutaka aipate kwa mtu mwingine. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

Jumamosi tutakwenda huko na watoto, ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Kuna kilima kidogo ilimozikwa mifupa yao. Mama, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu kukaa garini, amesema tumpitie asubuhi mapema.